Nguvu za Mshindo na Ngwe ya Baba

Wajukuu zangu wawili walikuwa wakibishana sebuleni juu ya mashujaa wao wa kwenye simu. Mmoja alisema wa kwake anaruka hadi mwezini, mwingine akasema wa kwake hafi hata akiangukiwa na bomu. Walipochoka kubishana waligeukia kwangu, wakaniuliza kama enzi zetu nasi tulikuwa na shujaa. Nikawaambia tulikuwa naye, akiitwa Mshindo. Wakataka kujua nguvu zake zilikuwa zipi. Nilifungua mdomo kujibu nikaona siwezi, maana jibu linategemea unauliza habari za wiki ipi. Walinisubiri kidogo, kisha wakarudi kwenye simu yao. Mimi nilibaki na Mshindo, na kijiji kile, na Baba, nikaona afadhali niyaandike kwa ajili yetu sisi wa rika moja, ambao tunakumbuka kuamshwa na kipande cha reli kinachogongwa ili watu waende shamba.

Tulikaa Gongoni, mjini Tabora, katika nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Baba alikuwa fundi cherehani, na baraza letu ndilo lilikuwa duka lake. Watu walisema akimtazama mtu anayepita njiani anakijua kiuno chake bila kumpima, nami niliamini kwamba ndani ya macho yake mna namba. Sikukuu zikikaribia, kanzu zilining'inia barazani hadi mlango haukuonekana, na sisi tuliingia ndani kwa kupenya kati ya kanzu za watu wazima. Baba alikuwa na harufu ya kitambaa kipya na ya mkaa wa pasi. Alisema maneno machache, na watu waliyasikiliza.

Mama alizaliwa shamba, upande wa Lusu. Pale mjini alikuwa mtu wa ndani, mwenye sauti ndogo, kama mgeni anayengoja kuondoka. Wanawake wa jirani walimcheka kidogo kwa namna alivyotamka maneno, naye alicheka pamoja nao kisha akaingia jikoni.

Jioni moja Baba alirudi kutoka mkutano wa tawi la chama akiwa bado na vumbi la njiani miguuni. Alikaa kwenye mkeka, akamwambia Mama, "Mama Zena, tunahamia kijijini."

Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha. "Kijiji gani?"

"Kile kipya, magharibi huku, kwenye njia ya zamani ya misafara. Wanataka watu. Nimejiandikisha."

"Umejiandikisha kushona?"

"Kulima, kama wengine."

Hapo Mama aliweka ungo chini. Alimtazama Baba kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu, taratibu, kisha akasema, "Baba Zena, wewe jembe umelishika lini?"

"Nitalishika," Baba akasema.

Hakulazimishwa na mtu. Nalisema hilo kwa sababu wapo waliolazimishwa, na habari zao ni nyingine. Baba aliamini. Redioni walisema kila mwenye mikono alime, naye alikuwa na mikono.

Siku ya kuondoka tulipitia stesheni kumuaga Mjomba Shabani, kaka yake Mama, ambaye alikuwa mhudumu wa mabehewa kwenye treni ya Dar es Salaam. Alinipa furushi lililofungwa kwa kamba ya katani, lenye harufu ya wino na mafuta ya taa. "Vya kusoma," alisema. "Huko hakuna kitu." Vilikuwa vijitabu vya katuni ambavyo duka moja la Dar lilishindwa kuviuza. Majalada yake yalikuwa yamechanwa yote, kila kijitabu kimebaki kurasa za ndani tu, michoro myeusi kwenye karatasi ya kijivu. Kila kimoja kilimhusu mtu yuleyule, kijana mwenye kifua kama mlango, aliyeitwa Mshindo kwa sababu akitua ardhini mawe yaliruka.

Katika lori nilikaa juu ya magunia, furushi mapajani. Baba alituonyesha safu za miembe mikubwa kando ya barabara, akasema ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi, na kwamba babu yake alipita hapohapo na pembe begani kwenda pwani.

"Huyo babu yako," Mama akasema, "alikuwa na mabega."

Baba alicheka. Baada ya hapo ulipita muda mrefu kabla sijamsikia akicheka tena.

Kijiji kilikuwa nyumba mpya za miti na udongo zilizopangwa kwa mstari, na katikati kipande cha reli kimening'inizwa kwenye mti. Alfajiri kiligongwa, na watu wazima wote walikwenda kwenye shamba la pamoja. Mwenyekiti alikuwa Mzee Maganga, mtu mrefu, mkavu, aliyetembea na ufito uliochongwa vizuri. Kwa ufito ule alimpimia kila mtu ngwe yake, yaani kipande chake cha kulima kwa siku ile. Ukimaliza ngwe unakwenda nyumbani. Usipomaliza, kila mtu anaona, kwa sababu matuta ya wenzako yanapita kushoto na kulia kwako na wewe unabaki na majani yako katikati.

Baba hakumaliza siku ya kwanza. Hakumaliza siku ya pili. Alirudi na mikono iliyotoka malengelenge, akaitumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi. Mama alikuwa amekwisha kurudi zamani, ameteka maji, amepika ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo mimi na Baba tulikuwa bado tunajifunza kuyameza. Alipozungumza na wanawake wa pale kwa Kinyamwezi sauti yake ilitoka kubwa, yenye vicheko ndani yake, hata niligeuka kutazama kama ni yeye.

Jumamosi alasiri ndiyo ilikuwa saa yangu. Mama aliweka furushi ndani ya sanduku la nguo, na kila Jumamosi, nikishamaliza kuosha vyombo, alinipa kijitabu kimoja kutoka juu. Kimoja tu, ili visiishe upesi. Nilikisoma kwa sauti nyuma ya nyumba, na msikilizaji wangu alikuwa Kabula, mjukuu wa Mzee Maganga, msichana wa umri wangu mwenye miguu ya vumbi na maswali mengi. Yeye alikuwa hajaanza shule. Picha alizisoma vizuri kuliko mimi.

Katika kile cha kwanza Mshindo aliruka angani. Aliona kupitia ukuta wa mawe. Alitembea ndani ya moto akatoka nguo zikiwa safi. Adui yake alikuwa Bwana Kitambi, tajiri mwenye kofia ndefu na tumbo lililotangulia mbele yake kama mtumishi. Sisi wawili tuliduwaa. Kabula alisema angekuwa na nguvu zile angemaliza shamba lote la ujamaa kabla ya uji.

Jumamosi iliyofuata tulikaa tayari. Mshindo hakuruka angani. Alirukaruka juu ya mapaa ya nyumba kama mbuzi, na alipofika kwenye ukuta ilimbidi azunguke kutafuta mlango.

"Mbona haoni ndani?" Kabula akauliza.

"Zimempungua," nikasema.

"Nani kazichukua?"

Nilitazama picha zote. Hazikusema. "Bwana Kitambi," nikasema, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumshuku. Ila Kabula aliona jambo ambalo mimi sikuliona: tumbo la Bwana Kitambi nalo lilikuwa dogo kuliko wiki iliyopita. Hilo lilitufariji. Tuliamua kwamba wanapigana vita vya kumalizana, na kila mmoja anamkondesha mwenzake.

Ikaendelea hivyo. Jumamosi ya tatu hakuruka kabisa, alikuwa na nguvu za kifua tu, akazuia behewa lililokuwa linarudi nyuma kwenye mteremko. Baada ya hapo nguvu za kifua nazo zilikuja kwa muda aliobana pumzi, akipumua zimekwisha. Mimi nilisoma huku roho inaniuma. Na kila jioni Baba alirudi kutoka shamba akiwa mdogo zaidi. Sijui niseme vipi. Mjini alikuwa mtu wa kuulizwa, hapa alikuwa mtu wa kuelekezwa. Watoto walimfuata njiani wakiiga alivyoshika jembe, kwa ncha za vidole, kama linaweza kuchafua nguo. Nilianza kuwachanganya, yeye na Mshindo. Nilidhani kuna kitu kinachozunguka nchini kinachowatoa watu nguvu, na kwamba kimewafikia wote wawili majira yaleyale.

Siku moja kisimani mwanamke mmoja alisema, bila kunitazama, "Kijiji kimepata kupe. Sisi tulime, yeye ale." Mimi nilijua ni Baba anasemwa, lakini neno lile sikulijua kama wakubwa walivyolijua, la mtu anayeishi kwa jasho la wenzake. Mimi kupe niliyemjua ni yule wa ng'ombe. Niliona aibu, nikafikiri Baba ameokota kupe shambani na watu wamemwona naye. Mchana ule alipolala kidogo kwenye mkeka, nilipiga magoti nikaanza kumkagua shingoni na nyuma ya masikio.

Alifungua jicho moja. "Unatafuta nini?"

"Kupe, Baba."

"Kupe?"

"Kisimani wamesema unaye."

Alikaa kitako. Nilingoja anikaripie, hakunikaripia. "Umemwona?" akaniuliza.

"Bado."

"Basi tafuta vizuri, mpaka uwe na hakika." Akainamisha kichwa, akaniachia shingo yake. Nilitafuta hadi kwenye nywele. Nilipomwambia hakuna, alisema, "Haya," akatoka, akaenda kukaa kando ya jembe lake lililoegemea ukuta.

Jioni ile Mzee Maganga alikuja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa kwenye kigoda alichopewa na Mama. Alikuwa mtu mwema, na nadhani alikuja kwa wema.

"Fundi," alisema, "nimekaa na kamati. Tumeona wewe urudi kwenye cherehani yako. Watoto wa shule hawana kaptula. Hiyo nayo ni kazi ya kijiji. Jembe waachie wenye jembe."

Nilimtazama Baba, nikiomba akubali. Nilitaka sana yale yaishe. Yeye alikuwa anakuna ganda la lengelenge kwenye kiganja.

"Mzee, nashukuru," alisema. "Nitashona. Ila sitashona kwa sababu nimeshindwa kulima. Nikimaliza ngwe moja, nzima, uliyoipima wewe, siku hiyohiyo, nitafungua cherehani. Kabla ya hapo sifungui."

"Mvua zimekaribia, Fundi. Udongo utakuwa mzito."

"Nitaimaliza ukiwa mzito."

Mzee Maganga alitazama ufito wake, akamtazama Mama, kama anayetafuta msaada. Mama alikuwa anakoroga uji na hakuinua kichwa. Mzee alipoondoka ndipo Mama aliposema, "Ungekubali."

"Nimemjibu," Baba akasema.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nasoma nyuma ya nyumba, Baba akiwa upande wa pili wa ukuta anachonga mpini mpya. Nilipofika mwisho sauti yake ilipenya. "Zena. Huyo mtu wenu leo bado anaruka?"

Sikujua kama alikuwa akisikiliza siku zote. "Hapana, Baba. Aliacha zamani. Leo hata nguvu hana. Anasikia tu."

"Anasikia nini?"

"Treni. Ikiwa bado mbali sana, wengine hawaisikii."

"Na hilo analitumia?"

"Ndiyo. Aliwaondoa watu waliolala relini."

Panga lilichonga kidogo. "Basi," Baba akasema.

Halafu kikaja kijitabu cha mwisho, kile cha chini kabisa ya furushi. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, na kurasa zilikuwa laini kwa unyevu. Hakuna aliyemwita Mshindo ndani yake. Alikuwa kijana mwembamba, mchukuzi wa mizigo stesheni, na watu walimwita "wewe." Alibeba sanduku la bibi mmoja, akajikwaa, akaanguka, akalidondosha, akaliinua tena. Bwana Kitambi alipita akiwa mtu wa kawaida mwenye kofia ya kawaida, na hawakutazamana. Katika picha ya mwisho yule kijana alisimama peke yake kwenye jukwaa, sanduku begani, akiangalia juu, ambako kitu kidogo chenye mwanga kilikuwa kinashuka kutoka angani.

Kabula aliweka kidole juu ya picha ile. "Anatazama alikokuwa anaruka," alisema.

"Ndiyo."

"Na sanduku hajaliweka chini."

Nilipoingia ndani Baba aliniuliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Sasa amebaki na nini?"

"Hana kitu, Baba. Zimeisha zote."

"Ameacha?"

"Hajaacha. Anabeba mizigo."

Baba alitikisa kichwa kukubali. Kisha alifanya jambo ambalo mjini sikuwahi kuliona. Alichukua jembe, akaenda alipokaa Mama, akamnyoshea. "Mama Zena," alisema, "nionyeshe."

Mama alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii alifunga kanga kiunoni, wakatoka nyuma ya nyumba kwenye ardhi iliyolowa. "Unalishika kama mkasi," alimwambia. "Wewe unalisukuma. Usilisukume. Linyanyue, halafu liache lianguke, lina uzito wake lenyewe. Wewe kazi yako ni kulivuta likishaingia." Akampigia tuta moja, kwa mapigo machache tu, likakaa kama limekatwa na kisu. Baba akajaribu. Mama akacheka, akamshika viwiko akavishusha. Akajaribu tena. Walikaa pale Jumapili nzima vilevile, mwalimu na mwanafunzi, hadi nyuma ya nyumba yetu pote pakawa matuta, na kuku hawakujua pa kupita.

Jumatatu Baba aliondoka kabla reli haijagongwa. Mzee Maganga alipofika shambani na ufito alimkuta amesimama kwenye mpaka, anangoja kupimiwa. Alimpimia. Hakumpunguzia, na Baba alikuwa anamtazama ili asimpunguzie.

Nilipotoka shule nilikwenda moja kwa moja shambani na Kabula. Mvua ilikuwa imepiga asubuhi na udongo ulishika jembe kama unga uliokandwa. Watu wengi walikuwa wamekwisha ondoka. Waliobaki walikuwa wanamaliza, na mmoja mmoja walinyanyua majembe begani, wakapita karibu na Baba, wengine wakimsalimu, wengine wakitazama kando. Mwanamke wa kisimani alikuwemo. Alisimama kidogo, akatazama, akaenda zake.

Mama alikuwa amemaliza ngwe yake na amekaa ukingoni. Jua lilipoanza kuteremka aliinuka na jembe lake.

"Kaa, Mama Zena," Baba akasema, bila kugeuka.

"Tuta moja tu."

"Kaa."

Akakaa. Aliliweka jembe mapajani na kulishika kwa mikono miwili, kama amebeba mtoto. Baba alinyanyua, akaliacha lianguke, akavuta. Alipopumzika alipumzika amesimama. Mara moja aliteleza, akaangukia goti, na mimi nikainuka, Mama akanivuta kanga. Kulikuwa na damu kwenye mpini mpya. Aliufuta kwa shati, akaendelea. Sikuwaza kitu chochote cha ajabu wakati ule. Nilikuwa natazama majani yaliyobaki mbele yake, nikiyachukia moja moja.

Alimaliza giza likiwa bado halijaingia, mwanga wa kutosha kuona upande wa pili wa shamba. Mzee Maganga alikuja na ufito. Kabula alikuwa amekwenda kumwita bila kutumwa. Mzee alipima urefu, akapima upana, akatembea kati ya matuta hadi mwisho na kurudi. Tulingoja.

"Tuta la mwisho limepinda," alisema.

Baba aligeuka kulitazama. Jasho lilikuwa linamdondoka kidevuni. "Limepinda," alikubali.

Akarudi kwenye tuta la mwisho, akaanza kulinyoosha. Mzee Maganga hakumzuia wala hakuondoka. Alisimama na ufito wake umechomekwa ardhini hadi Baba alipomaliza, kisha akasema, "Kesho uwahi hivyohivyo, Fundi. Tunaanza upande wa mtoni." Na alipogeuka kuondoka aliongeza, kwa Mama, "Mama Zena, kuna vijana wangu wawili wanahitaji kuonyeshwa pia."

Baba alilima msimu ule wote, na cherehani ikangoja, maana kaki ya kaptula ilikuwa haijaletwa. Siku nyingine alimaliza, siku nyingine hakumaliza, lakini hakuna aliyesema tena la kupe. Mama ndiye alipewa kusimamia vitalu vya tumbaku, na baadaye bani, yaani banda la kukaushia majani yake kwa moto, na wanaume walimwuliza kabla ya kuongeza kuni.

Tulipokuwa tumekwisha vuna, Mjomba Shabani alikuja kututembelea. Alikuta mimi na Kabula tumetandaza vijitabu kwenye mkeka, kile cha kuruka angani upande wa kushoto, kile cha mchukuzi upande wa kulia. Alitazama, akacheka.

"Mbona mmevipanga kinyume?"

"Ndivyo vilivyo," nikasema.

"Hapana, mwanangu. Duka linapanga toleo jipya juu. La zamani liko chini." Akainama, akavigeuza vyote, kimoja kimoja, mchukuzi akaja mwanzo. "Huyu ni mchukuzi. Inashuka nyota kutoka angani, inamwangukia, ndipo anaanza kusikia. Halafu anapata kifua. Halafu anaruka. Na huyu Kitambi anazidi kunenepa. Ndiyo hadithi."

Nilihisi kama nimeibiwa. Kile kitu chenye mwanga kilikuwa nyota ya kumpa, nasi tulikuwa tumekaa kwenye unyevu tukimwonea huruma. Kabula alivitazama vile vijitabu katika mpango wao mpya kwa dharau. "Yetu ilikuwa nzuri zaidi," alisema. "Hiyo ya kwenu kila mtu anaiweza."

Baba alikuwa mlangoni, ameegemea. "Kwa hiyo, shemeji, mwisho anaruka?"

"Anaruka, shemeji. Tena anatembea ndani ya moto."

Baba alianza kucheka. Alicheka hadi akakaa chini kizingitini, akafuta macho kwa kiwiko. "Zena," alisema, "uliniambia zimemwishia."

"Nilidhani hivyo, Baba."

"Ni vizuri ulidhani." Aliendelea kucheka kidogo kidogo, peke yake, na Mjomba akamtazama Mama, na Mama akainua mabega.

Asubuhi iliyofuata Baba alifungua cherehani, kama alivyomwahidi Mzee Maganga. Aliifuta vumbi, akaitia mafuta, akaiweka chini ya kivuli cha paa. Kaki ya kaptula za shule ilikuwa imefika, marobota mazima. Watu walikuja kutazama, maana wengi walikuwa hawajawahi kumwona katika kazi yake. Akakata uzi, akausogeza kwenye tundu la sindano. Uzi ulinasa kwenye nyufa za kidole chake. Akaunyoosha, akajaribu tena, ukapinda. Vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo na ngozi imekuwa kama gome. Alijaribu mara nyingi. Watu walianza kutazama kando, na mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wana shughuli.

Nilisogea. "Niache," alisema, na nikasimama. Akajaribu tena, uzi ukigusa tundu na kuteleza. Kisha aliweka mikono yote miwili mapajani, akaitazama, kiganja na mgongo wa mkono, bila hasira, kama alivyokuwa akitazama kitambaa kigeni kabla ya kukikata.

"Njoo," akasema. "Tunga."

Nililowesha ncha ya uzi kwa mate, nikausokota, nikatunga. Uliingia mara ya kwanza. Baba aliweka miguu kwenye kikanyagio, akaingiza kaki chini ya sindano, na kabla ya kuanza alisogeza marobota kwa kiwiko ili kupata nafasi kando yake.

"Lete kigoda chako hapa," alisema. "Nguo ni nyingi."